Mikono ya Tizón

Watu wa Baní walimwita Tizón, yaani kijinga cha moto, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Ujanani mpira wake wa besiboli ulikuwa ukitua kwenye glavu ya mdakaji kabla mpigaji hajamaliza kukaza macho. Alirusha misimu sita katika ligi kuu ya Marekani, akawatoa wapigaji zaidi ya elfu moja, na kuna jioni rada ya uwanjani ilisoma maili mia moja na moja kwa saa, mpaka mwenye rada akaitikisa akidhani imeharibika. Hayo yote yalikuwa kweli, na kama kulikuwa na mtu mjini asiyeyajua, Tizón alimweleza mwenyewe, hata kama masikini wa Mungu alikuwa amekuja dukani kununua sabuni tu.

Kitu kimoja kilikuwa kimempita: mchezo bila pigo. Mrushaji anacheza zamu zote tisa na hakuna mpigaji hata mmoja wa upande wa pili anayepata pigo halali. Mlinzi akiuangusha mpira wa kudakika, huandikwa kosa la mlinzi, na mrushaji habaki na doa. Lakini mpira ukipita kwa haki yake, huandikwa pigo, na ndoto inaishia hapo hapo. Tizón alikuwa ameikaribia ndoto hiyo mara tatu huko ugenini, na mara zote tatu ikamponyoka mwishoni. Alirudi nyumbani na nyumba nzuri, gari, goti bovu na kinyongo hicho kimoja.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na moja na kitambi cha heshima, akirushia Salineros, timu ya mji, katika ligi ya Jumapili ya mikoa ya kusini. Alisema anacheza kwa ajili ya kunyoosha viungo. Uongo mtupu. Alikuwa anakitafuta kile kitu, na mji mzima ulijua.

Jumapili ya mwisho ya msimu, dhidi ya timu ya Azua, kitu kilianza kuja chenyewe. Zamu ya tano ilipita, hakuna pigo. Ya sita, hakuna. Mpira wa moto haukuwa tena wa maili mia, lakini uliamka siku hiyo, na Waazua walipiga hewa mpaka wakaanza kutukanana wenyewe kwa wenyewe. Na kama ilivyo mwiko kila mahali unakochezwa mchezo huu, wenzake waliacha kumsemesha. Mrushaji akiwa njiani kuelekea huko hasemeshwi, haguswi, neno lenyewe halitajwi, maana ukilitaja umeliua. Tizón alikaa peke yake mwisho wa benchi kama mkwe aliyekuja bila zawadi, taulo begani, akitafuna mbegu za alizeti.

Zamu ya nane akaja mpigaji wa nne wa Azua, jitu la miraba minne. Tizón akarusha. Rungu likalia. Mtu aliyerusha miaka ishirini hana haja ya kugeuka ili ajue mpira uliopigwa sawasawa. Rungu lenyewe humwambia, na rungu hili lilimwambia kila kitu. Mpira ulikwenda chini chini kama wenye kisasi, kwenye pengo kati ya kituo cha pili na cha tatu.

Mlinzi wa pengo alikuwa Welinton Féliz, kijana wa miaka ishirini na moja, mwana wa Cruz, mjane anayeuza empanada, sambusa za kwao, langoni. Msimu mzima hakuwa ameandikiwa kosa hata moja. Siku hiyo ikiisha hivyo, tuzo ya glavu bora ilikuwa yake, na kwa desturi ya ligi ile mwenye tuzo ya glavu huitwa kwenye kambi ya majira ya baridi mji mkuu, wanakocheza wanaolipwa. Welinton aliruka mzima mzima, akalala hewani, ncha ya glavu ikaugusa mpira, na mpira ukaendelea na safari zake. Hakuna aliyezaliwa na mwanamke ambaye angeudaka ule mpira. Kuugusa tu ilikuwa maajabu.

Na hapo Tizón akafanya alilolifanya. Aligeuka, akamtazama kijana aliyelala kifudifudi kwenye vumbi, akainua mikono yote miwili, viganja juu, akatikisa kichwa taratibu, kama baba aliyeletewa cheti kibaya cha shule. Muda wa kupiga chafya, basi.

Macho yote yakaenda kwenye ubao. Kule juu, kwenye kibanda nyuma ya mdakaji, alikuwa Doña Fidelia Brea, mshonaji wa sare za timu na mwandishi wa mchezo, ambaye ndiye wa kuamua lipi pigo na lipi kosa. Ubao ukakawia. Kisha ukawaka: kosa la mlinzi. Watu wakalipuka kwa shangwe, maana ndoto ilikuwa hai, na walipomaliza kushangilia wakageuka kumpigia Welinton miluzi ya kumzomea. Kwenye benchi hakuna aliyesema kitu. Mwiko ulikuwa umewafunga midomo, na Tizón aliushukuru mwiko ule kuliko alivyowahi kumshukuru padri yeyote.

Wapigaji wanne waliobaki aliwatoa bila mmoja wao kugusa mpira. Wakambeba juu juu. Katikati ya bia zilizokuwa zikimwagwa kichwani, Welinton alipenya, kidevu kimechubuka, akamkumbatia.

"Hongera, kaka. Samahani kwa ule wa zamu ya nane."

"Usijali, mdogo wangu," Tizón akasema. "Yanatokea."

Alimsamehe! Neno lilishamtoka ndipo akalisikia, na uso ukamchoma mpaka kwenye masikio. Akashukuru kwamba bia ilikuwa inamtiririka usoni, na kwamba Welinton alishasukumwa nyuma na wengine waliotaka kumgusa.

Jioni ile nyumbani Nereida, mkewe, alimwekea sahani ya mbuzi na tostones, zile ndizi za kukaanga, mbele yake. Alimtazama akiisogeza huku na huku.

"Kula."

"Sina njaa."

"Mtu kapata alichokililia miaka ishirini, halafu hana njaa. Hilo tumbo linajua kitu."

"Nimechoka, Nereida."

"Nilikuwa nimekaa nyuma ya kituo cha tatu," akasema, akivuta kiti. "Wenzangu wote walikuwa wanautazama mpira. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Mazoea mabaya ya miaka kumi na tisa."

"Niliinua mikono tu. Mtu haruhusiwi kuinua mikono?"

"Mikono yako ina jina, bwana. Ukimnyooshea mtu, huyo kahukumiwa."

"Aliyeamua ni Fidelia. Si mimi."

"Sawa," Nereida akasema, akiichukua sahani. "Basi mbona huli?"

Hakulala vizuri. Asubuhi alijua la kufanya, na ndiyo maana alichukua njia ndefu. Uamuzi wa mwandishi huweza kubadilishwa mpaka saa sita mchana wa Jumatatu, Doña Fidelia anapopiga simu kwenye ofisi ya ligi. Baada ya hapo umekuwa jiwe. Kutoka nyumbani kwake hadi kwa mshonaji ni mwendo wa sigara moja. Tizón alipitia sokoni, akapitia kanisani, akapitia kwa Quirico kinyozi, ambako hakuwa na nywele za kunyolewa.

Quirico alikuwa ameshabandika karatasi kwenye kioo: BILA PIGO. Akamkalisha kwa nguvu, akamfunga shuka jeupe shingoni, akaanza kuwahutubia waliokuwa wakingoja.

"Tuwahesabu warushaji wakubwa, mabwana. Nolan Ryan alikuwa na michezo bila pigo saba, huyo tumwache, huyo si mtu. Lakini Clemens? Tuzo ya mrushaji bora mara saba, na mchezo bila pigo hana hata mmoja wa kusingiziwa. Na Pedro wetu? Pedro, bwana! Aliwazima wote zamu tisa nzima, si pigo si nini, akaja kupigwa ya kumi, ikahesabika bure. Sasa niambieni, nani kakaa kwenye kiti changu?"

"Usinitaje na Pedro," Tizón akasema.

"Mnasikia? Unyenyekevu huo." Quirico akampaka sabuni shavuni. "Tena yule Manteca karibu akuharibie."

"Manteca nani?"

"Si Welinton! Mikono ya mafuta ya nguruwe, kila kitu kinateleza. Tumempa jina jana ile ile, kabla hata taa hazijazimwa."

Wote wakacheka. Katika mji ule jina la utani huwa haliji kutembea, huja kuhamia. Kulikuwa na mzee wa miaka sabini aliyeitwa Mzamaji kwa sababu aliopolewa kwenye mfereji wa umwagiliaji akiwa bado ananyonya, na mkewe mwenyewe alimwita hivyo mezani. Hata tangazo la mazishi hutaja jina hilo, kwa sababu likitajwa lile la ubatizo hakuna atakayekuja. Tizón aliyajua yote hayo. Alifungua mdomo aseme lililomleta mtaani asubuhi ile. Sabuni ilikuwa mdomoni, macho ya watu yalikuwa yanang'aa kwa kumpenda, na badala ya kusema akacheka nao. Kicheko kidogo, cha puani. Lakini alicheka, na alipojiona kwenye kioo akicheka, akafumba macho mpaka wembe ulipomaliza kazi.

Kwa Doña Fidelia cherehani ilikuwa inanguruma. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, miwani ikining'inia kwenye mnyororo, na mapajani alikuwa na jezi mpya ya Salineros ambayo alikuwa anaishonea herufi za dhahabu. Tizón aliona nambari yake, na juu ya nambari neno BILA. Neno la pili lilikuwa bado mezani, herufi moja moja.

"Mama Fidelia. Nimekuja kwa ajili ya ule mpira wa zamu ya nane."

Cherehani ikanyamaza. "Wewe ni wa pili."

"Wa pili?"

"Welinton alikuwa hapa kabla sijachemsha kahawa. Nikasema moyoni, huyu naye kaja kulia nimfutie, maana kila Jumatatu sikosi mmoja wa kunililia hapo ulipo. Kumbe kaja kuniomba nisifute. 'Mama, ule mpira ulikuwa wangu, niliuchelewa mwenyewe. Wakikuambia ubadilishe usikubali.' Akaapa kwa baba yake aliye kaburini."

Tizón akatafuta pa kukaa, hakupaona, kila kiti kilikuwa na nguo za watu. Akabaki amesimama na kofia mkononi. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa jepesi mno sasa: asante, mama, basi iwe hivyo, kijana mwenyewe kasema. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Tuseme ukweli, mguu mmoja ulikwishageuka.

"Lilikuwa pigo," akasema.

"Najua lilikuwa pigo. Nina macho. Nilikuwa nimeshaandika pigo. Halafu nikainua uso, nikakuona na ile mikono. Nikajiambia, Fidelia, wewe uko huku juu na miwani yako, yule yuko pale chini, kacheza na wakubwa wa dunia. Akisema mlinzi kachemsha, basi kachemsha. Nikafuta." Akavua miwani. "Hiyo ni aibu yangu, na nitaibeba. Lakini sibebi yote peke yangu."

"Hapana, mama."

"Sasa wawili mmekuja, kila mtu na lake. Mmoja ananidanganya. Nani?"

"Yeye," Tizón akasema. "Yeye kadanganya leo. Mimi nilidanganya jana."

Doña Fidelia alichukua kifutio, akafuta, akaandika, akamgeuzia aone. Lilikuwa jambo dogo sana kwa macho. Kisha akachukua mkasi na kuanza kulifumua lile neno la dhahabu, uzi kwa uzi, bila kumtazama.

"La karatasi nimelimaliza," akasema. "La mikono siliwezi. Lile ulilifanya mbele za watu."

"Kwa nini kijana aje aseme hivyo? Tuzo yake, kambi yake, kila kitu..."

"Kamuulize. Cruz aliniambia ana picha yako ukutani tangu mdogo, ile umesimama chini ya ubao wa maili mia moja na moja. Kuna watoto walelewao na picha, mwanangu. Nenda kaseme mbele za watu."

Akaenda redioni, kwenye chumba kidogo juu ya duka la dawa, ambako kipindi cha michezo huanza saa tano na nusu. Walimpokea kama askofu. Alikuwa amejiandalia sentensi tatu njiani. Ya kwanza: lilikuwa pigo. Ya pili: Welinton Féliz hakukosa, na mwandishi wa mchezo amerekebisha. Ya tatu: niliinua mikono nikijua. Mbili za kwanza zilitoka vizuri, hata zikampa raha kidogo. Ya tatu haikutoka. Mtangazaji alisubiri, akaona mgeni wake ana machozi, akaelewa anavyoelewa yeye.

"Wasikilizaji," akasema kwa sauti nzito, "mmemsikia mwanamume. Kakitoa alichokisaka maisha yake yote, kwa ajili ya ukweli. Nani mwingine angefanya hivi?"

Tizón hakumkatiza.

Basi wiki ile akavikwa kilemba cha ukoka cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Quirico alibandua karatasi ya BILA PIGO akabandika nyingine: MKWELI. Padri alimtaja kwenye mahubiri. Akina mama waliwaonyesha watoto. Na kadiri walivyomsifu, ndivyo alivyozidi kuinamisha kichwa, na kadiri alivyoinamisha kichwa ndivyo walivyomsifu. Nereida aliyasikia yote hayo sokoni, akarudi nyumbani akaweka chakula mezani bila kusema kitu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Jumamosi tuzo zilitolewa uwanjani, kukiwa na bendi na maturubai. Wakuu wa ligi waliona kwamba hakuna anayefaa zaidi ya Tizón kuikabidhi tuzo ya glavu. Alipanda jukwaani na ile glavu iliyopakwa rangi ya dhahabu, akaishika kwa mikono yote miwili asijue pa kuiweka. Cruz alikuwa mstari wa mbele, amevaa gauni la kanisani.

"Na sasa," mtangazaji akanguruma, "mlinzi ambaye msimu mzima hana kosa hata moja, narudia, hata moja! Welinton Féliz... Manteca!"

Uwanja mzima ukacheka, kicheko cha upendo kabisa, wakaimba Manteca, Manteca, wakipiga makofi. Welinton alipanda ngazi akicheka nao, mkono juu. Mstari wa mbele Cruz hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono ya Tizón.

Kijana akafika. Bendi ilikuwa inapiga, hakuna aliyeweza kuwasikia. Tizón akamwinamia sikioni, na ile sentensi ya tatu ikatoka hatimaye, ilipokuwa haimfai mtu.

"Nilijua lilikuwa pigo. Nilipoinua mikono, nilijua."

"Najua, kaka."

"Unajua?"

"Nilikuwa nimelala pale chini, nakutazama usoni." Welinton aliichukua glavu, akaigeuza geuza, akionekana kuona haya yeye kwa niaba ya Tizón. "Nikaona unavyoitaka ile ndoto yako. Nikasema, mwacheni tu mzee wa watu awe nayo."

Kipaza sauti kilikuwa hapo hapo, kwa kimo cha mdomo wa Tizón, kimewashwa. Huko chini mtu akaita, "Manteca! Njoo upigwe picha na mama yako!"

Na Welinton akageuka, akaitikia.